Uzi: Kubadilisha mpira wa kulanti unaovuja nyuma ya injini, pale mkono usipofika

#1 SpanaKumi

Wakuu, uzi huu ni wa ile mipira ya kulanti (maji ya kupozea injini) ambayo ni kama iliwekwa kwanza, kisha injini nzima ikajengwa juu yake. Nasema mipira ya hita inayopita kati ya injini na ukuta wa kabini, mpira mfupi wa baipasi (njia ya mkato ya maji) unaolala chini ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) kwenye injini za V6 na V8, na ile midogo ya milimita 8 inayopeleka maji ya moto kwenye throto (mlango wa hewa ya injini). Kuvua mpira na kuvisha mwingine ni dakika chache tu. Siku inaliwa na kuufikia, na injini inauawa na hewa inayobaki ndani baada ya kazi kuisha. Nitakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Kwanza hakikisha ni mpira kweli. Maji yanayovuja nyuma ya injini hayadondoki yalipoanzia. Yanafuata ukingo wa bloku, yanateremka kwenye gia boksi na kudondoka nusu mita mbali. Chanzo kinaweza kuwa ni plagi za bloku (zile sahani za chuma zilizogongelewa ubavuni), gasketi ya hedi, pampu ya maji kupitia kitundu chake cha chini, au kiungio cha plastiki. Maji safi yasiyo na rangi wala utelezi, yanayodondoka karibu na ukuta wa kabini wakati kiyoyozi kinafanya kazi, ni ya kiyoyozi, achana nayo. Kulanti inateleza vidoleni, ina harufu tamutamu, na ikikauka inaacha ukoko mweupe, wa waridi au wa kijani. Ukoko huo ndio ushahidi wako, kwa hiyo usioshe injini kabla ya kuutafuta.

Njia ya uhakika ni pampu ya kupimia presha ya rejeta. Injini iwe baridi, funga pampu mahali pa kifuniko, piga hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe. Magari mengi ni kati ya baa 0.9 na 1.4. Usiipite, maana rejeta ya hita (ile ndogo iliyo ndani ya dashibodi) iliyochoka itapasuka na utakuwa umejitafutia kazi ya kung'oa dashibodi. Acha dakika 15, mulika kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi, au ile kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu. Sindano ikishuka na huoni tone nje, nusa ndani ya kabini na ushike zulia miguuni.


#2 Mulika

Nyongeza hapo. Kuna mivujo inayotokea injini ikiwa ya baridi tu. Mpira uliozeeka na klipu iliyolegea vinasinyaa usiku, asubuhi kuna tone chini, injini ikipata moto vinajaa na kuziba. Ukipima gari lililotoka barabarani utasema ni zima. Lipime baada ya kulala usiku kucha.

Kinyume chake pia kipo: ufa unaofunguka presha ikipanda tu. Hapo rangi ya kung'aa inasaidia. Unaimwaga kwenye kulanti, unaendesha siku mbili, unamulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau na njia nzima ya mvujo inawaka.


#3 Kichuma

Swali wakuu. Mpira kwa nje unaonekana mzima kabisa, mweusi, hauna nyufa, lakini mwisho wake unatoa unyevu. Inakuwaje?


#4 BiOringi

@Kichuma mipira hii haifi kuanzia nje. Mpira wa EPDM (aina ya mpira inayotumika kwa mipira hii), chuma cha bomba na kulanti vinafanya kama betri ndogo, na umeme huo mdogo unachimba vijinyufa ndani ya mpira vinavyokwenda kwa urefu, hasa sentimita 5 za mwisho karibu na bomba. Nyufa zikifika kwenye nyuzi za katikati, kulanti inafuata uzi kama mafuta kwenye utambi na kutokea mwishoni au mbali na ufa. Ndiyo maana unaona unyevu bila tundu.

Injini ikiwa baridi, minya mpira kwa vidole viwili karibu kabisa na klipu, kisha minya katikati. Mwishoni ukiwa laini kuliko katikati, au ukisikia vimifereji chini ya kidole, umekwisha. Ukiwa mgumu na unalia unapominywa, umepikwa na joto. Ukiwa umevimba na unanata kama gundi, kuna mafuta ya injini yanaudondokea, na EPDM haivumilii mafuta hata kidogo. Huo wa mwisho hauponi kwa kubadilisha mpira peke yake. Tafuta kwanza mafuta yanatoka wapi, mara nyingi ni gasketi ya kava la vali.


#5 SpanaKumi

Asante Bi Oringi. Sasa vifaa, kwa sababu kazi hii ukiifungua halafu ukakosa kitu kimoja, gari limelala.

Mpira: ununue kwa namba ya injini na ya gari, kisha uulinganishe na wa zamani kabla ya kuvisha. Mipira ya huku nyuma karibu yote imefinyangwa kwa umbo lake. Ukichukua mpira mnyoofu wa mita na kuukunja kona ya digrii 90 kwenye nafasi finyu, utajikunja katikati na kuziba mtiririko. Vipenyo vya ndani vya hita kwa kawaida ni milimita 16 au 19, vya throto 8 au 10. Usidanganywe na tofauti ya milimita chache: mpira wa 19 kwenye bomba la 16 unaweza kubanwa na klipu leo, kisha uvuje wiki ijayo. Na usitumie mpira wa mafuta ya petroli eti kwa sababu ni mnene. Umetengenezwa kwa kazi nyingine na utaharibika.

Pamoja na mpira: klipu mpya kila upande, gasketi ya manifoldi na ya throto kama utazitoa, oringi (pete za mpira za kuzibia) kama kuna viungio vya kubonyeza, na kulanti ya kujaza mfumo mzima, si ya kujazia tu. Injini ndogo ya silinda nne inabeba lita 5 hadi 7, V6 na V8 zinapita hapo.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: UKIFIKA HUKO NDANI BADILISHA VYOTE. Mpira wa jirani ni wa umri uleule, umeonja joto lilelile. Kiungio cha plastiki kilichoshika mipira hiyo ndicho kibaya zaidi. Land Cruiser 100 yenye injini ya 2UZ ina vile viungio vya T vya plastiki karibu na ukuta wa kabini. Vikizeeka vinamegeka ukivuta mpira tu. Injini ya GM 3800 Series II ina viwiko vya plastiki kati ya manifoldi na mabano ya alternata vinavyovunjikia ndani ya tundu. Ukigusa mpira kwenye gari la namna hiyo huku huna kiungio kipya mkononi, umeongeza tatizo.


#6 KoleoRefu

Mimi nitasema ya njia ya kufika, kwa sababu watu wengi wanakimbilia kufungua manifoldi wakati kuna mlango mwingine.

Njia tatu. Ya kwanza ni juu: vua mikono ya waipa, ng'oa lile beseni la plastiki chini ya kioo cha mbele, na kama kuna sahani ya chuma chini yake ivue pia. Kwenye gari lenye injini iliyolala upande, hapo unapata nafasi ya mkono mzima kati ya injini na ukuta. Weka alama ya kalamu kwenye kioo pale waipa zinapolala kabla ya kuzivua. Ongeza kutoa boksi la hewa na bomba lake hadi kwenye throto.

Ya pili ni chini: gari kwenye stendi imara, si kwenye jeki, vua kinga ya chini. Nyuma ya injini kuna eksozi, kwa hiyo usubiri ipoe. Mara nyingi klipu moja inaonekana vizuri kutoka juu na nyingine kutoka chini. Basi fanya yote mawili, usibishane na mpira kutoka upande mmoja.

Ya tatu wengi hawaifikirii: kuinamisha injini. Weka jeki yenye kipande kipana cha mbao chini ya sampu (beseni la oili chini ya injini), ipokee uzito, fungua bolti za mauntini moja (kishikilio cha injini), teremsha au inua sentimita 2 au 3. Inatosha kulipa koleo nafasi. Angalia kwanza bomba la eksozi lenye kunyumbulika, waya za vihisi na mipira ya kiyoyozi visivutike. Ukiona kitu kimekaza, simama hapohapo.


#7 Kichuma

@KoleoRefu kwa hiyo manifoldi haifunguliwi?


#8 KoleoRefu

Inafunguliwa pale mpira uko chini yake kabisa, kama baipasi ya V. Kwenye hizo Toyota za 1UZ na 2UZ hata stata iko humo bondeni chini ya manifoldi, kwa hiyo ukifungua kwa ajili ya mpira, ikague stata hapohapo. Kama mpira uko nyuma ya hedi tu, jaribu juu na chini kwanza.


#9 BiOringi

Hapa napingana kidogo na Koleo. Kuna kazi unaweza kuifanya kwa kubahatisha kwa vidole ndani ya giza saa nne, klipu ikakaa upande, ukaifungua tena kesho. Kufungua manifoldi kunachukua saa mbili lakini unaona unachofanya. Kama huwezi kuona klipu kwa macho au kwa kioo, fungua.

Ukiifungua: ondoa hasi ya betri. Kama mabomba ya petroli yako njiani, toa fyuzi ya pampu ya petroli na uache injini izime yenyewe kwanza, ndipo uondoe hasi. Injini yenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ina presha kubwa sana kwenye reli, usilegeze nati yoyote ya bomba lake bila kufuata utaratibu wa mtengenezaji. Manifoldi ikitoka tu, ziba matundu ya hedi kwa vitambaa visivyotoa nyuzi, na uvihesabu. Nati moja ikidondokea kwenye vali, mpira unakuwa tatizo dogo.

Wakati wa kurudisha, futa sehemu za kukutania kwa mkwaruzo wa plastiki, si chuma. Gasketi mpya, bolti zianze kwa mkono zote, kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu mbili. Bolti za milimita 8 kwenye hedi ya alumini mara nyingi zinaomba Nm 20 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini manifoldi ya plastiki inaomba pungufu. Namba ya kitabu cha injini yako ndiyo ya kufuata.


#10 SpanaKumi

Sawa, tumefika kwenye mpira.

Injini baridi kabisa. Kulanti ya nyuzi 110 iko chini ya presha; ukifungua kifuniko inageuka mvuke papo hapo na inakuja usoni. Fungua kifuniko, weka beseni safi, legeza kizibo cha chini cha rejeta. Kizibo cha plastiki hakitaki koleo, vidole vinatosha. Kama mpira uko juu, huna haja ya kumwaga yote, unashusha usawa hadi chini ya mpira. Lakini maji ya bloku na ya hita hayatoki yote kwenye rejeta, hivyo weka vitambaa chini, juu ya alternata, stata na plagi za waya. Kulanti ikiingia kwenye alternata inaweza kuiua.

Klipu. Za springi zina masikio mawili ya kubana. Kwa koleo la kawaida utachubuka bure, maana masikio yameelekea kusikofika. Koleo la klipu lenye waya mrefu unaonyumbulika ndilo dawa: kichwa kinashika klipu kule nyuma, unabana ukiwa umesimama mbele, linajifunga, kisha unasogeza klipu nyuma kwenye mpira sentimita 5. Kabla hujaisogeza piga picha, ujue masikio yalielekea wapi. Hayakuelekea huko kwa bahati, yaliwekwa yasiguse kitu.

Mpira ulioganda kwenye bomba HAUVUTWI. Unazungushwa. Shika karibu na mwisho, zungusha kulia na kushoto hadi usikie umeachia, ndipo uvute. Ukigoma, ingiza ndoana ya kuvulia mipira (ile yenye ncha iliyopinda, butu) kati ya mpira na bomba, izungushe pande zote, nyunyiza maji ya sabuni humo.


#11 Mulika

Na kama bado umegoma, KATA. Mpira unakwenda jaani, bomba linabaki. Chana kwa urefu kwa wembe, ukiishia kabla ya kufika chuma, kisha ufungue kama ganda la muwa. Mkwaruzo wa urefu kwenye bomba ni mfereji wa kuvujia, na hakuna klipu itakayouziba.

Hasa kwenye mabomba mawili ya rejeta ya hita yanayotokeza ukutani. Ni shaba au alumini nyembamba iliyounganishwa kwa kulehemiwa ndani kule usikokuona. Ukipindisha kwa nguvu unang'oa kiungo, na rejeta ya hita kwenye magari mengi inatolewa kwa kushusha dashibodi yote. Kwa bomba hizo, kata mpira mapema, usijaribu ubabe.


#12 SpanaKumi

Kabisa. Kabla ya mpira mpya safisha mdomo wa bomba kwa msasa laini wa 400, ukizungusha kufuata mduara, si kwa urefu. Ukoko wote utoke. Bomba lililoliwa na kutu hadi lina mashimo, libadilishe. Sabuni na klipu havitibu shimo.

Vaa klipu kwenye mpira kwanza (watu wanasahau, halafu wanavua tena). Lowesha ndani ya mpira kwa kulanti au maji ya sabuni kidogo. Grisi na mafuta hapana, sababu ameshaisema Bi Oringi. Sukuma huku unazungusha hadi mpira upite lile tuta la bomba na ufike kwenye kituo chake. Kama mpira una mstari mweupe au alama ya rangi, ilinganishe na alama ya bomba. Mstari ule ndio unaozuia mpira kukaa umejipinda. Klipu ikae nyuma ya tuta, na ibaki milimita 3 hadi 6 za mpira kati ya klipu na mwisho. Klipu juu ya tuta inakata mpira. Klipu nje ya ukingo wa mpira haishiki kitu.

Kisha angalia mpira unapita wapi. Usiguse eksozi, usiguse mabano yenye ncha, rudisha kila kishikilio. Injini inacheza kwenye mauntini zake, kwa hiyo mpira unaogusa kidogo ikiwa imezimwa utasagika ikifanya kazi.


#13 DereWaMchana

Klipu za springi na za skrubu, ipi bora? Wengine wanasema za springi ni za kiwandani tu, ukibadilisha weka za skrubu.


#14 KoleoRefu

Mimi kwa huku nyuma naweka ya springi bila kufikiri mara mbili. Mpira unapopata moto unavimba, ukipoa unasinyaa, na kadiri unavyozeeka unakonda. Springi inafuata. Ya skrubu inabaki pale ulipoiacha, na kuirudia kuikaza kule ndiko tatizo letu lote.


#15 Mulika

Springi iliyopata kutu au iliyofunguliwa mara nyingi nayo inachoka, usiirudishe kwa mazoea. Na lazima iwe ya ukubwa uleule, namba imegongwa kwenye bati lake. Kwa bomba la chuma lisilo na tuta zuri, au lililochubuka kidogo, ya skrubu inabana vizuri zaidi. Chukua yenye bati laini upande wa ndani, ile yenye matundu yaliyokatwa hadi ndani inachana mpira. Usikaze hadi mpira utokeze kwenye matundu. Kwa mpira wa hita Nm 2.5 hadi 3.5 inatosha, yaani bisibisi ya kawaida na kifundo cha mkono, si racheti. Kichwa cha skrubu kielekee mahali soketi ya milimita 7 au 8 kwenye kirefusho itafika siku nyingine.


#16 Kichuma

Kwa dharura je? Kukata kipande kibovu na kuunganisha, au tepu?


#17 BiOringi

Kukata na kuunganisha kwa kiungio cha shaba chenye kipenyo sahihi kunafaa kama ufa uko katikati ya mpira na pande zote mbili bado ni imara. Mpira uliochakaa mwisho umechakaa ndani pia, kwa hiyo unanunua siku tu. Tepu ya silikoni inayojishika yenyewe inashika kwenye mpira mkavu, ikivutwa kwa nguvu na kupishana nusu kwa nusu, na inakufikisha unakokwenda ukiwa umelegeza kifuniko hadi kituo cha kwanza ili presha isipande, na macho yako kwenye geji. Haipiti hapo. Kumbuka bila presha kulanti inachemka mapema zaidi.

Dawa za kumwaga kwenye rejeta za kuziba mivujo: haziwezi kuziba mpira unaocheza, badala yake zinaziba njia nyembamba za maji ndani ya rejeta ya hita. Mimi siziweki.

Kuhusu kuruka hita kwa kuunganisha mpira wa kwenda na wa kurudi: sawa, lakini UUNGANISHE, usizibe ncha zote mbili. Kwenye injini nyingi mzunguko wa hita ndio unaopitisha maji wakati thermostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta) bado imefunga. Ukiuziba, kihisi na thermostati havipati maji ya moto kwa wakati, na hedi inachemka peke yake. Vivyo hivyo kwa mipira midogo ya throto: injini za zamani zenye vali ya nta ya kupandisha sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) wakati wa baridi zinategemea maji hayo ya moto ili kuishusha. Ukiyaruka, injini inabaki inanguruma juu hata ikiwa moto.


#18 SpanaKumi

Sasa hewa. Huku ndiko kazi nzuri zinakoharibikia.

Mpira wa nyuma, hita na hedi ndivyo sehemu za juu za mfumo, na hewa inapenda juu. Kihisi cha joto kikikaa kwenye povu la hewa hakisomi maji. Geji inakuonyesha kawaida, feni haiwaki, na hedi inaungua kimyakimya. Ndiyo maana "geji haikupanda" si utetezi.

Egesha gari pua ikiwa juu ili kifuniko kiwe mahali pa juu kuliko hita. Weka hita kwenye moto wa mwisho, feni ya kabini chini. Fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo. Mimina polepole hadi itoke kulanti isiyo na povu, funga. Faneli kubwa inayoziba mdomo wa rejeta inasaidia sana, inaweka maji juu ya usawa wa injini. Kama thermostati imetolewa, kile kitundu chake chenye kijipini kinachochezacheza kikae juu kabisa.

Washa, acha injini iwe kwenye sailensa. Minya mpira wa juu na wa chini wa rejeta kwa kitambaa, vipovu vitapanda. Usawa utashuka ghafla thermostati ikifunguka, ongeza. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, na ndani hita ipulize moto bila kukatika. Zima, iache ipoe KABISA, ongeza hadi mstari wa juu kwenye tenki la akiba. Pima ulichotoa na ulichoingiza. Ulitoa lita 5 na zimeingia 3.5? Lita moja na nusu ni hewa.


#19 Mulika

Mwenye kompresa atumie kijazio cha kunyonya hewa. Kinavuta mfumo hadi karibu baa 0.8 chini ya hewa ya nje, mipira inajikunyata, hilo ni la kawaida. Funga vali na subiri dakika 5. Sindano ikirudi, kuna mvujo na umeujua kabla hujamwaga hata tone. Ikitulia, fungua vali ya kulanti na mfumo unajinywea wenyewe. Kwa injini zenye kona nyingi hakuna njia safi kuliko hiyo.

BMW zenye pampu ya maji ya umeme, kama za injini ya N52, zina utaratibu wao. Injini isiwashwe: swichi ya ufunguo tu iwe imewashwa, hita joto la mwisho na feni ya chini, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho sekunde 10, kisha achia. Pampu inazungusha yenyewe kama dakika 12. Chomeka chaja ya betri, inakula umeme.


#20 DereWaMchana

Baada ya kazi hita inapuliza baridi nikiwa nimesimama, nikiendesha inapuliza moto. Na nyuma ya dashibodi kuna sauti kama maji yanamiminwa.


#21 SpanaKumi

@DereWaMchana hiyo ni hewa kwenye rejeta ya hita. Ukipandisha mzunguko pampu inaisukuma, ukishusha inarudi. Rudia hatua za #18 pua ikiwa juu zaidi, shikilia mzunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika chache, ipoe, ongeza. Ikirudi tena na tena na usawa unashuka bila mvujo wa nje, hapo pima gesi ya moshi kwenye kulanti, maana huenda injini ilishachemka kabla na gasketi ya hedi imepitisha.

Shika pia mipira miwili ya hita. Yote ya moto, tatizo ni kilango cha hewa ndani. Mmoja moto mmoja baridi, hewa au rejeta ya hita imeziba, au mpira mpya umejikunja pale usipouona.


#22 Kichuma

Kulanti ya rangi gani? Na maji ya bomba yanafaa?


#23 BiOringi

Rangi si kipimo, kila mtengenezaji anatia anayotaka. Soma aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Magari mengi ya Japani yanataka yenye fosfeti bila silikati, ya Ulaya mengi yanataka isiyo na fosfeti. Ukichanganya hovyo, kinga inapungua na wakati mwingine inaganda kama uji.

Mchanganyiko nusu kwa nusu unaganda kwenye nyuzi 37 chini ya sifuri na chini ya kifuniko cha baa 1 unachemka karibu nyuzi 130. Kulanti tupu bila maji ni mbaya kuliko nusu kwa nusu: inabeba joto kidogo na inaganda mapema, karibu nyuzi 13 chini ya sifuri. Maji yawe yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, angalia isiwe asidi. Ya bomba yanaacha chokaa. Kama chupa imeandikwa tayari kutumika, usiongeze maji, ila ukumbuke maji yaliyobaki kwenye bloku kama ulisafisha mfumo.

Kulanti uliyomwaga ifunike. Ni tamu na ni sumu, mbwa na paka wanailamba na wanakufa, mtoto vilevile.


#24 KoleoRefu

Osha alama za zamani za kulanti kwenye bloku kwa maji ukimaliza, ukaushe, uache kipande cha karatasi nyeupe chini usiku wa kwanza. Angalia asubuhi kabla ya kuwasha, klipu ikiwa baridi. Rudia baada ya kilomita 100 na baada ya wiki. Klipu za skrubu unaweza kuzikaza robo mzunguko mara moja hapo, za springi usiziguse.


#25 Kichuma

Asanteni wakuu. Klipu ya chini nimeiona kwa kioo, ya juu iko nyuma ya mabano ya waya. Mabano hayo yanafunguliwa?


#26 KoleoRefu

Fungua, ni bolti mbili za milimita 10. Ile ya nyuma ifungue kwa soketi ya sumaku au weka tone la grisi ndani ya soketi, isije ikadondokea kwenye gia boksi.